Walioanza ni Wangapi

Machi 2

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi wazima, kikohozi cha mtoto kimeisha, na mke wangu anakusalimu.

Ulisema mambo ya mali hutaki kuyasikia kwenye simu, kwa sababu simu ikishakatwa kila mtu anakumbuka alichotaka kukumbuka. Haya, nimekaa chini, nimeandika, tena kwa wino.

Miaka kumi na mmoja nimekuwa fundi wa mashine za hospitali. Nimefungua na kufunga mashine za watu mpaka vidole vinajua njia vyenyewe, na katika zote hizo hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Juzi daktari mwenye kliniki yetu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia anataka niwe mbia wake. Anataka kununua mashine ya pili ya moyo na kufungua tawi mji wa pili.

Mashine yenyewe Mama aliiona alipokuja Februari, lakini nakueleza wewe. Mgonjwa analala kitandani. Tunamfunga mikanda ya hewa kwenye vigimbi, mapajani na makalioni. Moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo, mikanda inajaa na kuisukuma damu irudi juu, iulishe moyo wenyewe. Moyo ukitaka kupiga, mikanda inalegea. Ni saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, mpaka zitimie siku thelathini na tano. Hakuna kisu, hakuna nusu kaputi, hakuna kulala wodini. Mtu anakuja kwa miguu yake na anaondoka kwa miguu yake, na yale maumivu ya kifua yanapungua.

Akiba yangu haitoshi. Kinachobaki ni chumba cha mbele alichotuachia Baba. Kiko kwa majina yetu matatu, wewe, mimi na Mama, kwa hiyo zinatakiwa saini tatu. Nimekuwekea kijitabu cha kliniki ndani ya bahasha. Soma ukurasa wa pili, pale palipoandikwa Matokeo: wagonjwa arobaini wamemaliza matibabu. Arobaini, Dada, na mashine ni moja tu.

Nina hakika na jambo hili kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na jambo lolote.

Mdogo wako,
Kifungo

* * *

Machi 9

Kifungo,

Barua imefika, na kijitabu kimefika, kizuri, karatasi yake inateleza. Aliyekichapa anajua kazi.

Nakujibu kama dada na kama fundi. Chumba cha mbele unachotaka tukiuze ndicho ninachokatia vitambaa. Meza ya Baba imo humo, ile ndefu ambayo haiwezi kupita mlangoni mpaka ukuta ubomolewe. Viti vya magari, maturubai, foronya za magodoro ya hosteli, vyote vinapita pale kabla havijafika kwenye cherehani. Ukiuza chumba, umeniuza na mimi. Sisemi hapana. Nasema ujue unachokiomba.

Sasa hiyo mashine. Mimi sipingi vitu vipya. Nilikuwa wa kwanza mtaa huu kununua cherehani ya umeme, na watu walisema itaniunguza. Lakini nina macho, na macho yangu yanamwona Mama kila siku. Unajua ngazi za nyumbani ni ishirini na mbili. Mama akifika ya tisa anasimama na kufungua mkoba kutafuta funguo. Anatafuta, anatafuta, na funguo ameshazishika mkono wa kushoto. Mimi huwa nyuma yake, nami huwa nakohoa kidogo au nafunga kamba za viatu, ili asijue kwamba najua. Amefanya hivyo mwaka mzima.

Nilikuletea mtu huyo Februari. Alikuwa na siku thelathini na tano mbele yake, na siku ya nne alikuwa nyumbani anachambua mchele. Nilimuuliza, akasema mashine yako si kitu, inakandakanda miguu tu. Sasa wewe niambie, kama ile mashine ina maana, mwenye maumivu anaikimbiaje?

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina swali moja tu. Kijitabu kinasema waliomaliza ni arobaini. Walioanza ni wangapi?

Dada yako,
Fundi

* * *

Machi 16

Dada Fundi,

Nilijua utashika mkasi kabla hujashika kalamu. Wewe hata harusini kwangu uligeuza koti langu ndani nje mbele ya wageni ili uone mishono.

Kuhusu Mama, umeelewa vibaya. Hakuikimbia mashine. Siku ya nne asubuhi aliniambia ana kikao cha kikundi chake cha akina mama, kwamba yeye ndiye mweka hazina na bila yeye hakifunguliwi. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka stendi. Unajua Mama na vikao vyake. Kama angevumilia angekuwa mfano mzuri kuliko kijitabu chochote, lakini kichwa chake unakijua, na wewe umekirithi.

Kuhusu hiyo hesabu yako, jibu liko mbele ya macho yako. Wagonjwa arobaini wamemaliza. Juzi amekuja mwalimu mmoja mstaafu ambaye alikuwa hawezi kubeba kapu la sokoni. Alisimama mapokezi akanyanyua kiti kutuonyesha. Daktari alicheka mpaka akatoa miwani. Haya mambo nayaona kila siku kwa macho yangu, Dada, sisimuliwi na mtu.

Daktari anasubiri jibu kabla ya mwezi wa tano kwisha. Kuna mtu mwingine anayeitaka nafasi hii, na huyo haulizi maswali.

Mdogo wako,
Kifungo

* * *

Machi 22

Kifungo,

Hujanijibu. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, na jibu halimo.

Umesahau umekulia chumba gani, kwa hiyo nakukumbusha. Kila asubuhi nikimaliza kukata, naandika ukutani kwa chaki idadi ya vipande vilivyokatwa. Jioni naandika idadi ya vilivyotoka vimeshonwa. Zikilingana, tunafunga mlango. Zisipolingana, hakuna anayeenda nyumbani. Tunatafuta chini ya meza, ndani ya pipa la mabaki, hata kwenye mifuko ya wenye haraka. Kipande kilichopotea huwa kina sababu. Ama nimekata vibaya, au mtu ameharibu akaficha, au kimeanguka mahali ambapo hakuna anayeinama kuangalia.

Baba alikuwa anasema mteja hulipia kilichotoka, lakini fundi hujifunza kwa kile ambacho hakikutoka. Wewe ulikuwa unakaa chini ya meza hiyohiyo ukicheza na bati la vifungo, mpaka siku ile ulipomeza kimoja cha koti la mteja, ukapata jina. Kifungo kile kilitafutwa na kikapatikana. Sitasema kilipatikanaje.

Kwa hiyo huyo mtu asiyeuliza maswali, apewe nafasi kama anaitaka. Mimi nauliza tena. Mliowalaza kwenye kile kitanda, wa kwanza mpaka wa mwisho, ni wangapi?

Fundi

* * *

Aprili 10

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Kila nikishika kalamu nilikuwa naiweka chini.

Jumamosi daktari hakuwepo, nikachukua daftari la mapokezi na kuhesabu jina moja moja. Walioanza ni sitini na mmoja. Arobaini wana alama ya vema. Ishirini na mmoja hawana.

Daftari lina safu ya mwisho ya maelezo, ambayo najaza mimi. Niliangalia nimeandika nini mbele ya wale ishirini na mmoja. Nimeandika "amesafiri." Wa kwanza amesafiri, wa pili amesafiri, mpaka wa mwisho. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Nakumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Mtu hakuonekana siku mbili, nikapiga simu, akajibu yeye au mtu wa nyumbani kwake kwamba amesafiri, nikashukuru na kuandika. Mama naye yumo humo, jina la hamsini na nne. Angalau yeye alisafiri kweli.

Sijui niseme nini. Bado naamini mashine inasaidia, kwa sababu nimeona watu. Lakini ulikuwa na haki ya kuuliza, na mimi sikuwa na haki ya kujifanya sijasikia swali.

Daktari nilimgusia Jumatatu. Alisema kila kliniki duniani ina watu wanaokatisha dawa, na akarudi kwenye kompyuta yake.

Kifungo

* * *

Aprili 16

Kifungo,

Watu ishirini na mmoja, wote moyo unawauma, wote wamesafiri. Wanaenda wapi hao watu? Wangekuwa wamekodi basi moja mngeliona likipita.

Nimecheka, halafu nimekasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Mtu anayekwambia amesafiri hajasafiri. Amekwambia kistaarabu kwamba hataki kukwambia. Mteja wangu asipokuja kuchukua viti vyake na simu ikajibiwa kwamba amesafiri, mimi najua kuna kitu hakikumpendeza. Navaa viatu naenda kwake. Naweza kukuta rangi ilikosewa, au mke wake alisema nimemwibia sponji. Lakini nakuta kitu.

Saini yangu hupati. Chumba cha Baba hakiendi kununua mashine ambayo theluthi ya watu wanaitoroka bila mtu yeyote kuuliza kwa nini. Mwambie daktari wako hivyo, na mwambie neno hilo limetoka kwa fundi wa viti vya magari.

Na Mama naomba usimguse. Jana alisimama ngazi ya saba. Ya saba, Kifungo. Funguo zilikuwa zinaning'inia kidoleni na bado anazitafuta mkobani. Ninaogopa. Nakwambia wewe kwa sababu huku nyumbani hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Dada yako

* * *

Aprili 18

Wanangu wawili,

Nilikuwa natafuta kifungo cha sweta. Nikafungua bati la vifungo la Fundi, nikakuta barua za Kifungo na nakala za zile alizomjibu. Nimezisoma zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na ile ambayo Fundi alikuwa hajaituma nimeisoma pia. Naituma mimi pamoja na hii. Asinune. Akitaka siri asiweke kwenye bati ambalo nililinunua mimi likiwa na biskuti.

Mmeandikiana mwezi na nusu kuhusu moyo wangu na kuhusu chumba ambacho jina langu limo, na hakuna aliyeniuliza neno. Mnanizungumza kama kiti kinachosubiri kuvishwa kitambaa.

Sasa nisikilizeni. Sikuwa na kikao. Na mashine si kitu cha kukandakanda miguu, hilo nililisema ili Fundi asiulize zaidi. Niliwadanganya wote wawili sawasawa, sikupendelea mtu.

Kifungo, wewe mwanangu nimekuogesha. Nimekufuta pua. Halafu nikaja kwako, ukaniambia nivue sketi nivae kitu kama soksi ndefu inayoonyesha kila kilichomo. Ukanifunga mikanda mapajani na makalioni kwa mikono yako, mlango uko wazi nusu, na daktari anapita na kikombe chake cha chai anauliza mama anaendeleaje. Nilifumba macho siku ya kwanza. Siku ya pili niliyafumba tangu nikiwa barabarani. Siku ya tatu nilikuona umeinama kunikaza mkanda, nikaona kipara kinaanza utosini kwako, nikafikiria, huyu ni mtu mzima, huyu ni baba wa mtoto, nami nimelala mbele yake hivi. Asubuhi yake nikapata kikao.

Wewe hukuona kosa kwa sababu kwako ni kazi. Ulikuwa mpole, mikono yako mizuri, na kila mara uliuliza kama unaniumiza. Sikuumia. Niliona haya. Siku hizi mnafikiri hilo ni jambo dogo, lakini mtu anaweza kufa nalo.

Palikuwa na mama mwingine kwenye benchi la nje, mwenye duka la vitabu. Tulikuwa hatujuani. Aliniangalia nikitoka, nikamwangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anayefunga mikanda. Nikamwambia ni mwanangu. Akachukua mkoba wake akaondoka. Mwangalie kwenye daftari lako. Bila shaka amesafiri.

Chumba hakiuzwi leo. Na funguo ninazijua ziko wapi, Fundi, tangu zamani. Na viatu vyako havina kamba.

Mama yenu

* * *

Mei 1

Mama, na Dada,

Barua yenu niliisomea stoo, nikiwa nimekaa juu ya boksi la mashine ya presha, na nilikaa pale mpaka walinitafuta.

Mama, nisamehe. Nilikuwa nakuuliza kama unaumia, na sikuwahi kukuuliza kitu kingine. Nilijua kila kitu kuhusu ile mikanda, inajaa kwa nguvu kiasi gani na inalegea kwa muda gani. Nilidhani kujua hivyo kunatosha.

Nilifanya alichosema Dada, nikavaa viatu. Kwa siku kumi, nikitoka kazini, nimekwenda nyumba kwa nyumba na mke wangu. Nilimchukua yeye kwa sababu nyumba ya kwanza niliyokwenda peke yangu niliambiwa mlangoni kwamba mama amesafiri, na nilikuwa namsikia anakoroga chai.

Nawaandikia nilichokipata bila kutia chumvi. Mtu mmoja amefariki, kwa moyo, wiki tatu baada ya kuacha. Mwanawe hakuwa na hasira, na hilo lilinikalia vibaya kuliko hasira. Wawili wamehama mji kweli. Wanaume wawili waliacha kwa sababu hawakuona nafuu yoyote, na walimwambia daktari hivyo, naye hakuandika popote. Wanaobaki kumi na sita, nawe Mama ukiwemo, ni wanawake. Wenzako walimwambia mke wangu sebuleni, mimi nikiwa nimewekwa uani, jambo lilelile ulilolisema wewe, Mama. Mwenye duka la vitabu alitoa na ushauri kuhusu pazia.

Na wale arobaini nimewahesabu tena, maana kumaliza si kupona. Ishirini na tisa wanasema maumivu yamepungua. Kumi na mmoja wako vilevile. Kati ya wote arobaini, wanawake ni watano.

Nilimwekea daktari karatasi mezani. Alisema wagonjwa wanakuja kutibiwa, hawaji kuchagua nguo. Nikamwambia mama yangu ni jina la hamsini na nne. Akaivuta ile karatasi, akaisoma tena. Baadaye akaniuliza tunafanyaje, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimuuliza mtu.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, tunaajiri muuguzi mwanamke na nitamfundisha kufunga mikanda mimi mwenyewe. La pili silijui, kwa sababu si la fundi wa mashine. Zile suruali, hizo ulizoziita soksi, Mama, tunaletewa pamoja na mikanda, na zinabana kwa sababu kitambaa kikikunjamana chini ya mkanda kinachuna ngozi.

Dada, sikuombi saini, na daktari amekubali kusubiri. Nakuomba ufikirie suruali.

Kifungo

* * *

Mei 9

Kifungo,

Hatimaye umeniuliza kitu ninachokijua.

Ndani ya kifurushi kuna sita. Kitambaa ni kile chembamba cha kuvuta, ambacho navishia ndani ya viti vya watoto, hakikunjamani hata ukikikalia siku nzima. Mshono nimeutoa ndani ya paja nikaupeleka mbele, juu ya mfupa, ambapo mkanda haukazi. Juu yake kuna sketi pana ya kufunga kiunoni, imechanwa pembeni zote mbili na ina vifungo. Muuguzi anafungua vifungo vitatu, anapitisha mkanda chini ya sketi, anafunga. Mgonjwa amefunikwa muda wote, tangu kiunoni mpaka kifundoni. Hata daktari apite na birika zima, hana cha kuona.

Nilimjaribishia Mama. Nilimfunga vigimbi na mapaja kwa mikanda ya turubai juu ya meza ya Baba, na mlango tukaukomea. Alilala akatazama dari, akasema rangi ya sketi haimpendezi. Nilijua hapo kwamba atakuja.

Lakini usijipige kifua. Bado siiamini mashine yako. Naiamini karatasi uliyoweka mezani, ile yenye mtu aliyefariki na wale kumi na mmoja walio vilevile. Mtu aliyeandika vile nitamletea mama yangu. Yule wa kijitabu nisingemletea hata mto wa kochi.

Mama anapanda basi la Jumamosi. Mmepewa siku thelathini na tano. Akipata kikao chochote, nipigie simu, hilo linaruhusiwa kwenye simu.

Fundi

* * *

Juni 14

Fundi mwanangu,

Nimefika nusu. Muuguzi ni binti mwenye heshima, anabisha mlango hata kama amekwisha kuniona. Mwenye duka la vitabu amerudi na tunalala zamu ya kufuatana, yeye saa tatu, mimi saa nne. Amewaambia wengine wanne. Mashine inapuliza pu, pu, pu, na mimi nasinzia.

Usiniulize kama nimepona. Kuna siku naona, kuna siku sioni. Daktari aliniuliza mbele ya wageni wake nikasema hivyohivyo. Baadaye aliniletea chai.

Ile sketi ya kahawia ibadilishe. Shona ya bluu.

Mama yako

* * *

Julai 4

Dada,

Mama amemaliza, siku zote thelathini na tano. Nimeweka vema kwa kalamu nyekundu.

Matokeo sikuandikii. Ningeandika ungesema natia chumvi. Anafika Jumatatu mchana, na ngazi ziko kwako.

Kifungo

* * *

Julai 8

Kifungo,

Ya kazi kwanza, halafu nikwambie ya ngazi.

Chumba hakiuzwi. Mimi na Mama tumekaa, tumekubaliana, na kwa mara hii tumeulizana. Badala yake, chumba kitafanya kazi. Nguo zote za wagonjwa wa kliniki hiyo na ya mji wa pili zitakatwa juu ya meza ya Baba, na hiyo ndiyo itakuwa sehemu yako ya ubia. Iandikwe hivyo, na mwanasheria asome. Mwambie daktari wako akimpata mshonaji mwingine aliyewahi kumfunga mama yake mikanda ya turubai, ampe yeye.

Nina sharti moja. Kijitabu kinachapwa upya, na ukurasa wa kwanza, siyo wa pili, unaanza na walioanza. Halafu waliomaliza, halafu waliopata nafuu, halafu wasiopata, na waliofariki. Mama umwandike mara mbili. Mara ya kwanza alianza na hakumaliza, hilo usilifute. Na mtu akipotea siku mbili, yeyote atakayeandika kwamba amesafiri aonyeshe tiketi.

Wala usidhani nimeshawishika. Mama ni mtu mmoja, na mtu mmoja si hesabu. Nitauliza tena mwakani, na mwaka utakaofuata.

Sasa ngazi. Nilimpokea stendi. Alikuwa na mizigo miwili na mfuko wa vitabu aliopewa na rafiki yake, nikabeba vyote, hakukataa. Tulipofika nyumbani alitangulia. Mimi nikawa nyuma, nahesabu kimoyomoyo. Saba akapita. Nane. Tisa akasimama, akafungua mkoba, akaanza kutafuta.

Kifungo, nilifikiria wiki saba, nikafikiria karatasi yako, nikamfikiria yule mwana wa marehemu ambaye hakuwa na hasira. Nilitua mizigo taratibu nikamwambia, pumzika Mama, hatuna haraka.

Akageuka kuniangalia. Hakuwa anahema hata kidogo.

"Nipumzike nini?" akasema. "Natafuta funguo. Umeziweka wapi?"

Zilikuwa mfukoni mwangu. Nilizichukua mimi siku ile alipoondoka, na nilikuwa nimesahau kabisa. Alizipokea, akapanda zile kumi na tatu zilizobaki bila kugusa ukuta, nikamsikia anafungua mlango na kulalamika kuhusu vumbi.

Mimi nilibaki pale ngazi ya tisa muda kidogo, nikifunga kamba za viatu. Na usianze kunitafutia zamu kwenye daftari lako kwa sababu nimesimama ngazini, moyo wangu mzima. Nilikuwa nimebeba mizigo, na nilikuwa nalia.

Dada yako,
Fundi